Mshono Unaangaliwa na Nani? Historia ya Kufuatilia Kidonda Baada ya Upasuaji



Hebu tumtazame mama mmoja. Amejifungua kwa upasuaji, na siku ya tatu au ya nne ameruhusiwa kwenda nyumbani. Probox imemshusha kando ya barabara ya Chwele. Shemeji amebeba begi, kukhu amempokea mtoto. Nyumbani majirani wamejaa. Mmoja ameleta kuku, mwingine unga wa wimbi wa kupikia uji. Kila mtu anataka kumwona mtoto: amefanana na nani, ana nywele kiasi gani, ataitwa jina gani. Jioni wageni wanatawanyika, na mama anabaki na kitu ambacho hakuna mgeni aliyeomba kukiona. Chini ya leso, chini ya kitovu, upo mshono.

Swali la leo ni hilo tu. Ule mshono unaangaliwa na nani?

Msikilizaji mmoja wa Kabuchai alituuliza kama ni kweli kwamba madaktari wa ng'ambo wanaweza kuacha kifaa ndani ya tumbo la mgonjwa, kikabaki humo kikitoa habari za kidonda. Alidhani ni uvumi. Si uvumi. Vifaa hivyo huitwa vihisi, kwa sababu vinahisi joto, msukumo au majimaji, kama vile ngozi yako inavyohisi chungu cha moto. Nitavieleza. Lakini huwezi kuelewa vilitoka wapi bila kujua watu walivyokuwa wakiangalia vidonda kabla yake, na habari moja kubwa kati ya hizo ilitokea karibu nasi, Uganda, ng'ambo ya Mlima Elgon wetu huu.

Mwaka 1879 kijana Mwingereza aliyesomea udaktari Edinburgh, jina lake Robert Felkin, alikuwa akisafiri katika nchi ya Bunyoro, magharibi mwa Uganda ya leo. Mahali panapoitwa Kahura aliruhusiwa kuingia nyumba ambamo mwanamke wa miaka kama ishirini, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa amelazwa ili apasuliwe. Si Felkin aliyepasua. Waliopasua walikuwa wenyeji, na yeye alisimama pembeni akitazama.

Mwanamke alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka amelegea. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaosha nayo tumbo la mama, kisha akaosha kwa maji. Akakata, mtoto akatolewa. Mishipa iliyokuwa ikivuja damu iliguswa kwa chuma cha moto. Baada ya tumbo kumwagwa majimaji, kingo za kidonda zilivutwa pamoja na kufungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizosuguliwa vizuri, zikazungushiwa uzi uliotokana na gome la mti. Juu yake wakapaka uji mzito wa mizizi miwili iliyotafunwa, wakafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto, na mwisho wakafunga kwa nguo ya gome. Saa mbili baadaye mtoto aliwekwa kwenye titi.

Nisikike vizuri hapa, kwa sababu najua kuna atakayesoma haya halafu atafute pombe. Usimwagie pombe wala mizizi kwenye mshono wako. Ninayoyasimulia ni ya mwaka 1879, na kilichonivutia si pombe. Ni yale yaliyofuata.

Waliompasua yule mama hawakumfunga nguo kisha wakamwacha. Asubuhi ya siku ya tatu walikifungua kidonda, wakakiangalia, wakatoa pini moja tu. Siku ya tano wakatoa tatu. Siku ya sita wakatoa tatu zilizobaki. Kila mara walipaka uji mpya wa mizizi na kuondoa usaha kidogo uliokuwepo. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga kabisa. Hebu fikiria akili iliyomo katika ile pini moja ya kwanza. Mtu anayetoa pini moja na kuacha sita anakiuliza kidonda swali: je, umeshika? Kikishika, atatoa nyingine. Kisiposhika, bado anazo sita za kukizuia kisifumuke.

Felkin naye alikuwa na njia yake ya kuuliza. Alikuwa na kipimajoto. Aliandika kwamba joto la mama halikupita nyuzi 99.6 za Farenhaiti, yaani kama 37.6 za Selsiasi, isipokuwa usiku wa pili lilipofika 101, ambayo ni kama 38.3, na mapigo yake ya moyo yakawa 108 kwa dakika. Kisha likashuka. Habari yote aliisoma mbele ya madaktari wa Edinburgh mwaka 1884, ikachapishwa katika jarida lao mwaka huohuo. Wapo wanaosema shahidi mmoja hatoshi, na ni haki yao. Hata hivyo J. N. P. Davies, daktari aliyefundisha Makerere, aliichambua mwaka 1959 na kuichukulia kwa uzito. Mimi pia naona mtu anayetunga hadithi hakumbuki kuhesabu pini.

Kipimajoto hicho kilikuwa kitu kipya. Miaka michache nyuma, vipimajoto vya hospitali vilikuwa virefu, na mgonjwa alikaa nacho kama dakika ishirini. Mwaka 1867 hivi, daktari Thomas Clifford Allbutt wa Leeds, Uingereza, alitengenezewa kifupi cha inchi sita kilichotoa jibu kwa dakika tano. Mwaka 1868 Mjerumani Carl Wunderlich wa Leipzig alichapisha kitabu kilichotokana na kupima maelfu ya wagonjwa, akionyesha kwamba homa ina mwendo wake, na kwamba anayeandika joto kila asubuhi na jioni anaweza kuuona ugonjwa ukija kabla haujapiga hodi. Ile karatasi yenye mistari inayoning'inia kwenye kitanda cha wadi, ambayo muuguzi huijaza mkiwa usingizini, ndiyo mjukuu wa kazi hiyo. Mwaka 1867 pia ndipo Joseph Lister alipochapisha habari za kusafisha vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu, na upasuaji ukaanza kupungua hatari zake.

Kabla ya kipimajoto palikuwa na macho na vidole. Mroma Celsus, karibu miaka elfu mbili iliyopita, aliandika dalili nne za mahali palipowaka ndani ya mwili: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wanafunzi wa udaktari huzikariri mpaka leo. Lakini, mama, Celsus aliishi kati ya watu wa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Nimewahi kuona mshono ulioambukizwa ambao mtu angeapa ni mzima, kwa sababu alikuwa akingoja uwe mwekundu. Kwetu utaona ngozi imezidi weusi kuliko ya jirani yake, au ina rangi ya zambarau, au imevutika na kung'aa kama imepakwa mafuta. Kwa hiyo zile dalili tatu nyingine ndizo za kutegemea zaidi. Weka mgongo wa mkono wako safi karibu na mshono, kisha uweke upande wa pili wa tumbo. Linganisha. Mgongo wa mkono hautazami rangi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua.

Pale Kahura, waliofunga kidonda ndio walioendelea kukiangalia mpaka siku ya kumi na moja. Sisi mama hupasuliwa na daktari, huangaliwa na muuguzi kwa siku tatu au nne, kisha huenda nyumbani. Na maambukizi mengi ya mshono hayajitokezi ndani ya siku hizo. Hujitokeza baadaye, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, ndiyo maana wataalamu huendelea kuyahesabu mpaka siku ya 30. Yaani karatasi ya joto huondolewa kitandani wakati hasa ambapo hatari inaanza kunyemelea.

Mke wa binamu yangu alirudi nyumbani siku ya tatu. Siku ya sita alianza kusema mshono unamchoma. Shangazi mmoja akasema hiyo ni kawaida, nyama inashikana. Siku ya saba akahisi baridi jua likiwaka, akapewa Panadol. Siku ya nane jirani akaja na kapsuli ya rangi mbili, akaifungua na kunyunyiza ule unga juu ya mshono. Ulishikamana ukawa kama ganda la udongo, na chini yake usaha ukapata nyumba. Siku ya kumi leso ilikuwa imelowa na chumba kinanuka. Alirudishwa hospitali, kidonda kikafunguliwa chote, akalala huko karibu wiki tatu akisafishwa kila siku, na mtoto akilelewa na kukhu. Alipona. Lakini mara mbili alikuwa amekwisha kusema, siku ya sita na siku ya saba, na nyumba nzima ilimsikia. Mimi nilikuwa mmoja wa nyumba hiyo, na sikuomba kuona.

Je, hospitali zinalijua pengo hili? Zinalijua, na watu wa Afrika Mashariki wamejaribu kuliziba kwa njia ambazo hazihitaji fedha nyingi. Katika Hospitali ya Thika, hapa Kenya, kati ya mwaka 2010 na 2011, walibadilisha desturi ya kutoa dawa za kuua bakteria kwa siku nyingi baada ya upasuaji, wakaanza kutoa dozi kabla ya kisu kugusa ngozi, na maambukizi ya juu ya mshono yakapungua. Huko huko walijaribu kuwapigia simu mama waliokwenda nyumbani, wakawauliza maswali machache kuhusu kidonda. Hospitali ya KCMC kule Moshi, Tanzania, ilifanya vilevile. Simu iligundua kama saba kati ya kila vidonda kumi vilivyokuwa vimeambukizwa. Na mama alipojibu kwa namna iliyoonyesha kidonda ni kibaya, kweli kilikuwa kibaya. Hebu lirudie hilo kichwani: maneno ya mama mwenyewe, kwenye simu ya mulika mwizi, yalikuwa kipimo cha kuaminika. Vile vitatu vilivyopita bila kuonekana ndivyo vilivyohitaji macho ya mtu.

Rwanda wakatafuta hayo macho. Katika wilaya ya Kirehe, mashariki mwa nchi, wahudumu wa afya wa vijijini walitumwa nyumbani kwa mama karibu siku ya kumi baada ya upasuaji, wakapiga picha ya mshono kwa simu. Kazi hiyo ilifanywa na shirika la Partners In Health pamoja na wataalamu wa Rwanda na wa chuo cha MIT cha Marekani, ili kompyuta ifundishwe kutambua mshono mbaya kwa kuitazama picha. Baadaye walijaribu pia kamera inayopiga picha ya joto badala ya rangi. Ukiuliza kwa nini joto, jibu ni lile tulilokwisha kulisema. Joto halijali ngozi ni nyeusi au nyeupe. Kamera ile inafanya kazi ya mgongo wa mkono wako, ila ina kumbukumbu.

Kamera na simu lakini huona juu tu. Kuna vidonda ambavyo mshono wa nje ni mzuri kabisa ilhali mshono wa ndani unavuja, hasa pale utumbo ulipokatwa na kuungwa. Homa na maumivu huja wakati uchafu umekwisha kuenea tumboni. Hapo ndipo wazo la kuweka mlinzi ndani lilipopata nguvu, na ajabu yake ni kwamba lilianza na redio, ndugu ya hii tunayozungumza nayo kila wiki.

Mwaka 1957 R. Stuart Mackay na Bertil Jacobson, wakifanya kazi Sweden, walieleza habari za redio ndogo ya kumeza. Ilikuwa kidonge chenye kurusha mawimbi. Kilipopita tumboni, msukumo wa utumbo ulibadilisha mawimbi hayo, na mtu aliyekaa nje na kipokezi akajua kinachoendelea ndani bila kukata popote. Mwaka 1988 daktari William Swartz na wenzake wa Marekani wakachapisha habari za kihisi kidogo cha sauti kinachofungwa kwenye mshipa wa damu ulioungwa upya, mgonjwa aliyehamishiwa kipande cha nyama kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Damu ikipita, husikika mvumo. Mvumo ukinyamaza, daktari anajua nyama ile inakufa na ana saa chache za kuiokoa. Waya wake hutoka nje ya ngozi, na siku zikiisha huvutwa taratibu ukatoka. Hicho kilikwisha kutoka kwenye maabara na kinatumika hospitalini katika nchi zenye uwezo.

Ya karibuni yanafanana na miujiza, ingawa si miujiza. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walieleza uzi wa kushonea, wa hariri, uliopakwa kitu kinachopitisha umeme na kuunganishwa na kifaa kidogo sana kisicho na betri. Uzi huo unashona kama uzi mwingine, lakini ukimulikwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje unajibu. Fundo likikatika, jibu linabadilika. Tumbo likivuja au maambukizi yakiingia, jibu linabadilika pia. Uliweza kusomeka hadi sentimita tano chini ya ngozi. Waliujaribu kwa nguruwe. Mwaka 2024 kundi la Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, likaonyesha vipande laini vyenye visahani vidogo vya chuma ndani yake, vinavyowekwa kando ya mshono wa utumbo. Majimaji ya tumbo yakivuja, ukali wake hufanya kipande kivimbe, visahani vinaachana, na mashine ileile inayotumika kumtazama mtoto tumboni inaviona vimeachana. Kazi ikiisha, kipande kinayeyuka mwilini. Hicho nacho kilijaribiwa kwa wanyama.

Kwa hiyo, mama uliyetuuliza, jibu lako ni hili. Vihisi vya aina hiyo vipo, ila uzi unaojibu na kipande kinachoyeyuka bado ni vitu vya utafiti, na ukishonwa kesho utashonwa kwa uzi wa kawaida. Mimi navifurahia na sivichekei. Mtu aliyepoteza ndugu kwa utumbo uliovuja hawezi kuvicheka. Ila nina swali ambalo sijasikia likijibiwa vya kutosha. Uzi ukisema saa nane usiku kwamba fundo limekatika, nani anausikia? Atamwamsha nani, na gari litatoka wapi barabara ya Nalondo ikiwa tope? Mke wa binamu yangu alikuwa na kihisi chenye mdomo, na kilisema siku ya sita.

Huku kwetu Bungoma, kila Agosti ya mwaka shufwa vijana wanapotahiriwa, haijawahi kuwa ajabu kumteua mtu wa kukaa nao na kuangalia vidonda. Hakuna anayesema ni mambo ya siri yasiangaliwe. Mama aliyepasuliwa tumbo, kidonda chake kirefu na kirefu tena ndani, hateuliwi mtu.

Basi mteueni. Awe kukhu, dada, au mume. Mume pia ana macho. Anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mara moja kwa siku, kwenye mwanga wa mchana, auone mshono wote mpaka kwenye kona zake, na chini ya mkunjo wa tumbo pale unyevu unapojificha. Siku za kwanza uvimbe kidogo, maumivu yanayopungua kila siku na hata kuwashwa si vya kuogopesha. Maumivu yanayogeuka na kuanza kuongezeka ni habari nyingine. Vivyo hivyo mahali palipokuwa pamepoa pakianza kuwa moto, au ugumu ukienea, au kingo zikiachana, au majimaji yakiwa mazito, ya kunuka au ya rangi ya maziwa. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, kutetemeka, au uchafu wa uzazi wenye harufu mbaya ni safari ya siku hiyohiyo, hata kama mshono wa nje ni msafi, kwa sababu huenda shida iko ndani. Homa inaweza kuwa ya malaria au ya titi, kweli, lakini atakayetenganisha hayo ni mhudumu wa afya akikupima, si shangazi. Usitie unga wa kapsuli, majivu, dawa ya meno wala mitishamba. Na ukifika kituoni, taja tarehe uliyopasuliwa na siku dalili ilipoanza. Ukiandika kwenye kijitabu cha kliniki cha mtoto, kando ya chanjo zake, hutasahau.

Nimesahau jambo moja la Kahura. Yule mtoto alitoka na jeraha dogo kwenye bega la kulia, kisu kilikuwa kimemgusa. Wakampaka ule uji wa mizizi, na Felkin akaandika kwamba lilipona kwa siku nne. Wiki ijayo tutazungumza juu ya ngozi ya mtoto mchanga na kitovu chake, na kwa nini sisi hatukipaki chochote ambacho nyanya zetu walikipaka. Kwaheri kwa sasa.